Niliandika Kwamba Alipotea Njia

Mshauri wangu, shikamoo. Nakusoma kila wiki, na siku zote nilikuwa nawacheka kimoyomoyo wanaokuandikia, nikisema huyu naye si angekaa kimya tu na aibu yake, na leo ni mimi niliyekaa hapa na kalamu mkononi, kwa hiyo naomba unisikilize mpaka mwisho, na ukimaliza unikaripie ukitaka, ila usinitupe.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tatu, niko mwaka wa mwisho chuoni kwenye kozi ambayo wengi hawajui hata kama ipo, ya wale wanaoandaliwa kuwa maofisa wa bendi ya jeshi. Nusu ya masomo ni uongozi wa kijeshi, yaani gwaride, ramani na dira, kuamuru kikosi porini, na nusu nyingine ni muziki, na huko kwenye muziki hata kama wewe ni mpiga ngoma kama mimi lazima ufaulu mtihani wa piano, upige skeli kwa mikono yote miwili, usome noti ambazo hujawahi kuziona na umsindikize mwimbaji bila kumwacha njiani. Ukianguka upande mmoja umeanguka kote, hakuna cha kubembeleza.

Piano ilinishinda. Vidole vyangu vimezoea kushika vijiti vya ngoma, vikiwekwa kwenye piano vinakuwa kama vya mtu mwingine, na mara mbili nilifanya jaribio mbele ya mwalimu wetu wa muziki na mara zote mbili akafunga kitabu kabla sijamaliza ukurasa. Aliyeniokoa ni mwenzangu mmoja wa kikosi, ananizidi miaka mitano, wengine wote walikuwa wanamwita Mwalimu kwa sababu kabla ya kuja chuoni alikuwa akifundisha watoto wa darasa la pili, mimi peke yangu ndiye niliyekuwa namwita dada. Alinikuta siku moja nimelaza kichwa juu ya piano, akasema, "Mdogo wangu, hiyo si mto wa kulalia," kisha akavuta kiti akakaa, na tangu siku hiyo, kwa miezi saba, kila asubuhi saa kumi na mbili kabla ya gwaride alikuwa ananisubiri kwenye chumba cha mazoezi, kile cha mwisho chenye piano ambayo kitufe chake kimoja hakitoi sauti, naye alikuwa akiiimba hiyo sauti inayokosekana kila nilipofika pale. Hakuwahi kunipandishia sauti. Nikianza kukimbiza vidole anasema tu, "Polepole, hakuna anayekufukuza." Sikumlipa kitu, hata asante sidhani kama niliitoa vizuri.

Sasa nikueleze jambo ambalo chuoni alilijua yeye peke yake. Nina pumu tangu utotoni. Kwenye fomu ya afya ya kujiunga, pale wanapouliza kama una matatizo ya kifua, niliandika hapana, kwa sababu ukiandika ndiyo safari yako inaishia hapohapo getini. Mama yangu aliona ninavyoijaza ile fomu, akaniangalia tu, akaenda jikoni. Kwa hiyo miaka yote hii dawa yangu ya kuvuta nimekuwa naificha ndani ya soksi.

Mwishoni mwa mwaka wa pili tulikuwa na zoezi la mlimani, watu kumi, kila siku mmoja anaongoza, na siku hiyo ilikuwa zamu yake. Nyasi zilikuwa kavu, vumbi jingi, mizigo mgongoni, na tulipofika katikati ya mteremko kifua changu kikaanza kufunga. Nilijikaza, nikabaki nyuma kidogo ili wasinisikie ninavyokoroma, lakini yeye alirudi.

"Una nini?"

"Sina kitu, dada. Uchovu tu."

"Midomo yako imebadilika rangi. Nakuuliza tena, una nini?"

Nikamwonyesha soksi. Akawageukia wenzetu akawaambia tunapumzika hapo, anataka kuiangalia ramani upya, kisha akaja akakaa mbele yangu, akaikunjua ile ramani kubwa wazi kwa mikono miwili kama mtu anayesoma gazeti, nami nyuma yake nikavuta dawa yangu, na akaishikilia hivyohivyo mpaka pumzi yangu iliporudi. Tulifika dakika arobaini baada ya muda. Afande mkufunzi alikuwa amesimama na saa yake mkononi, akauliza kikosi kimechelewa kwa nini, naye akapiga hatua mbele akasema, "Nilisoma ramani vibaya, afande. Tulipotea njia. Kosa ni langu." Afande akaandika kitu kwenye daftari lake. Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa pili, nimebana mikono, nikasikia kila neno, na nikanyamaza.

Mwezi uliofuata, Jumanne, nilifanya mtihani wa piano nikafaulu. Yeye alikuwa amekaa nje kwenye benchi, na mlango ulipofunguliwa hakuuliza, aliniangalia usoni akaanza kucheka na kupiga makofi peke yake kwenye ule ukumbi mtupu.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo tukapewa karatasi za tathmini. Unaandika kuhusu kila mwenzako wa kikosi, jina lako huliweki, na wenzako hawazioni, ingawa sote tulijua afande anazifahamu hati zetu za mkono. Tulikuwa kumi na waliotakiwa kuendelea mwaka wa mwisho ni wanane. Siku moja kabla, afande alinisimamisha nje ya bwalo akaniuliza, "Wewe, kifua chako kiko sawa? Nimekusikia unakohoa." Nikasema kiko sawa, afande, lakini nikaona ameshaanza kushuku kwamba tulichelewa mlimani kwa sababu yangu. Nikakaa na ile karatasi. Kwenye jina lake swali lilikuwa je, ungemfuata mtu huyu mahali pa hatari, na chini yake, taja tukio moja. Nikaandika hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Hapana. Hana uhakika na maamuzi yake. Kwenye zoezi la mlimani alipotea njia na kukichelewesha kikosi."

Nilijiambia sijamsingizia, nimerudia tu maneno aliyoyasema mwenyewe mbele ya watu. Nilijiambia pia kwamba yeye ana alama nzuri, sentensi moja haitamwangusha. Jumatatu aliitwa ofisini na akatoka akiwa nje ya kozi.

Mimi ndiye niliyembebea mzigo wake mpaka stoo. Mtunza stoo akawa anataja kitu kimoja kimoja, buti, mkanda, koti la mvua, sufuria, naye anajibu kipo, kipo, kipo, kama vile wanaitana majina. Tulipotoka nje akaniambia, "Wamenisomea alichoandika mtu mmoja kuhusu ile ramani. Sijui ni nani. Nimewafikiria wote na sitaki kuwafikiria tena." Mimi hakuwa amenifikiria, hilo lilikuwa wazi. Nikasema, na hapa nakuapia nilikuwa nataka kweli, nikasema, "Dada, ngoja niende kwa afande nimwambie kuhusu kifua changu." Akanishika bega. "Acha. Ukisema sasa tutatoka wote wawili. Angalau mmoja abaki." Nikaacha. Niliacha upesi mno, mshauri, hata yeye angekuwa mtu wa kushuku watu angeshtuka.

Haikuishia hapo. Akakata rufaa, na kanuni zinataka barua ya mwenzako mmoja wa kikosi, akaja kwangu. "Usiguse habari za kifua chako," akasema, "andika tu kama umeniona naweza kuongoza." Nilikaa siku mbili na karatasi nyeupe. Nikiandika kwamba anaweza, afande ataweka barua yangu kando ya ile tathmini, ataona hati ni ileile, mtu ni yuleyule, leo anasema hapana na kesho anasema ndiyo, na ataniuliza nini kimebadilika. Basi nikaandika mistari mitatu, kwamba ni mtu mwenye heshima, anajituma, na ana ushirikiano mzuri na wenzake. Barua kama hiyo unaweza kumwandikia hata mtu usiyemjua. Nikaifunga kwenye bahasha, akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Rufaa ikakataliwa.

Sasa ni mwaka. Amerudi kufundisha shule ya msingi karibu na kwetu, mama anampenda, humkaribisha nyumbani Jumapili. Mimi nimechaguliwa kuwa kiongozi wa kadeti wa mwaka wetu na baada ya wiki tatu nitakula kiapo, na mama ameshamwalika. Jumapili iliyopita tulikuwa tunaosha vyombo, mama akasema amesikia mwalimu mkuu anataka kumfanya dada awe mwalimu mkuu msaidizi, hongera. Dada akaendelea kusugua sahani, akasema, "Nimekataa, mama. Wamenipa mpaka mwisho wa mwezi nifikiri tena, lakini mimi si mtu wa kuongoza watu. Mwenzangu wa kikosi aliniandika hivyo, na alinijua vizuri." Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetaja urefu wake. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, kifua kikabana, na safari hii sidhani kama ilikuwa pumu.

Mshauri, nikisema ukweli nampoteza dada, napoteza kiapo, na mama yangu aliyefua sare zangu miaka mitatu sijui nitamtazama vipi. Nikinyamaza, sijui. Labda nimsaidie kwa njia nyingine, nimwombe mwalimu mkuu ambembeleze, au nimwandikie barua isiyo na jina. Au nisubiri nile kiapo kwanza, nikishakuwa ofisa nitakuwa na nguvu ya kumtetea. Nieleze nifanye nini.

Ni mimi, mpiga ngoma.

*

Mwanangu mpiga ngoma, marahaba.

Umeniomba nikukaripie baada ya kusoma mpaka mwisho. Nimesoma mpaka mwisho, mara mbili, kwa hiyo kaa vizuri.

Nianze na la huruma, maana lipo. Uliogopa. Umekua ukificha pumzi zako mwenyewe, na mtu anayeishi hivyo huona kila swali ni mtego. Afande alipokuuliza kuhusu kikohozi, hukulala vizuri, najua. Ningekuwa mama yako nisingeenda jikoni siku ile ya fomu, ningekaa nawe mezani, na mambo mengi yasingetokea. Hayo nakupa.

Lakini usinichanganyie mambo. Unasema hukumsingizia, ulirudia maneno yake. Mwanangu, kwenye kikosi kizima kulikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba hakupotea njia: yeye na wewe. Wenzako wengine wangeandika sentensi ileile, wangekuwa wamekosea tu. Wewe ulijua. Alikufanyia wema, ukauchukua ule wema ukauandika kama kosa lake. Na ile barua ya rufaa nayo usiipite haraka kama ulivyoipita. Ile tathmini uliiandika kwa hofu ya siku moja. Hii barua ulikaa nayo siku mbili.

Nimeona pia ulivyolishikilia lile neno lake, "angalau mmoja abaki." Umelitumia mwaka mzima kama kibali. Alikupa neno hilo akidhani anaongea na mwenzake. Hakujua anaongea na aliyeandika. Kibali cha namna hiyo hakina kazi.

Yeye naye, kwa haki, alimdanganya mkuu wake. Kiongozi anayeona mtu wake hawezi kupumua mlimani anapaswa kumteremsha na kusema kwa nini, hata kama mtu mwenyewe analia asisemwe. Ungeweza kumfia mikononi. Hilo ni lake na atalijibu mwenyewe. Usije ukalibeba wewe na kulifanya ngao.

Sasa hizo njia zako tatu. Kumtuma mwalimu mkuu ambembeleze ni kumtuma mtu mwingine akafanye kazi yako bila kujua ni kazi gani. Barua isiyo na jina umeshaandika moja, imetosha. Na hili la kula kiapo kwanza ndipo umtetee, nasikitika hata umeliandika. Utaapa kusema nini, na kwa kifua kipi? Siku moja utakuwa mbele ya vijana arobaini wanaokutegemea, utaanza kubadilika rangi ya midomo, na hakutakuwa na mtu wa kukunjua ramani.

Unaniuliza kama utampoteza. Huenda. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Lakini angalia unachokilinda: mtu anayekuja kwenu Jumapili, anaosha sahani, na anajidharau kwa sababu ya maneno yako. Yale maneno hayakuisha siku ile ofisini. Yanafanya kazi mpaka leo, na mwisho wa mwezi yatamnyima kazi nyingine.

Basi fanya hivi.

Nenda kwake wiki hii, mchana, baada ya watoto kutoka, mkiwa wawili. Usimpigie simu, usimwandikie. Mwambie sentensi uliyoiandika, neno kwa neno kama ulivyoniandikia mimi, kabla hujaeleza chochote kuhusu hofu. Kisha mwambie kuhusu mistari mitatu. Usilie mbele yake. Ukilia ataanza kukubembeleza, namwona alivyo, na utakuwa umemtwika kazi nyingine. Usimwombe msamaha siku hiyo. Msamaha ni wake, atautoa akitaka, na asipotaka hana deni. Mwambie jambo moja tu la kumfaa: kwamba kati ya wote kumi, aliyeongoza siku ile mlimani ni yeye, na wewe unajua kwa sababu ndiwe uliyerudiwa.

Kabla hujaondoka mwambie kwamba kesho yake unakwenda kwa afande, na kwamba habari ya ramani itatajwa. Usimwombe ruhusa. Unamwarifu ili asije akaitwa bila kujua. Hiyo ni adabu ndogo ambayo hukumfanyia mara ya kwanza.

Kesho yake nenda kwa mkufunzi na maelezo yaliyoandikwa, yenye jina lako na sahihi yako: kifua chako, fomu ya afya, kilichotokea mlimani, tathmini, barua ya rufaa. Omba yawekwe kwenye faili la dada yako. Kama mlango wa kozi bado unaweza kufunguka kwake, waamue wanaohusika. Kama hauwezi, faili lake litasema kweli. Yatakayokupata wewe yapokee bila kujitetea sana. Huenda wakakutoa. Utatoka na ngoma yako na piano uliyofundishwa, watu wameishi kwa vichache zaidi ya hivyo.

Kabla ya yote hayo, leo, kaa na mama yako umwambie. Yeye ndiye aliyetoa mwaliko, na asije akasikia kwa majirani. Na uende kwa daktari ukapimwe kifua kama mtu mzima.

Umeniandikia kurasa nne zilizonyooka, kwa hiyo kusema unaweza. Mwisho wa mwezi hauko mbali. Ukimaliza kusoma hapa, usikunje gazeti ukakaa. Simama, mama yako yuko nyumbani.